Hamisha, hamishia au nakili? Maneno ya kutoa faili kwenye simu

SWALI: Ninaandaa mwongozo wa ukurasa mmoja kwa wenzangu kazini, wa kutoa picha na nyaraka kwenye simu na kuziweka kwenye kompyuta kwa waya. Niliandika: "Hamisha picha kwenye kompyuta." Mmoja alifuata hivyo hivyo, kisha akashangaa picha hazipo tena kwenye simu. Mwingine akaniuliza: "Hizo picha zilizo kwenye kompyuta nizipeleke wapi?" Nimeshauriwa niandike "kupakua", na mwingine akasema Kiswahili sanifu ni "kuhawilisha". Neno sahihi ni lipi?

JIBU: Wenzako wote wawili wamekusoma sawasawa. Sentensi yako haikusema picha zinaelekea wapi, na kuhusu zinazobaki ilisema jambo ambalo hukulikusudia. Mambo hayo mawili, mwelekeo na kinachobaki, ndiyo yanayochagua neno.

Tuanze na mwelekeo. "Kwenye" hutaja mahali tu. Haisemi kama kitu kinatoka hapo au kinafika hapo. Kazi hiyo Kiswahili kimekipa kitenzi. Linganisha "Amehama mjini" na "Amehamia mjini". Wa kwanza ameuacha mji, wa pili ndiye mgeni wake, na kilichobadilika ni kiambishi kimoja tu, -i-. Vivyo hivyo, "hamisha picha kwenye kompyuta" inaweza kueleweka kuwa picha zitolewe kwenye kompyuta, kama alivyoelewa mwenzako wa pili. "Hamishia picha kwenye kompyuta" haina njia mbili: kompyuta ndiko zinakofikia. Ukitaka kutaja pande zote, sema "kuhamisha picha kutoka kwenye simu na kuzihamishia kwenye kompyuta", au kwa ufupi zaidi, "kuhamishia picha za simu kwenye kompyuta".

Vitenzi vingine vina mwelekeo ndani yake na havihitaji nyongeza. "Toa picha kwenye simu" haimchanganyi mtu, kwa sababu kutoa ni kutoka mahali. "Weka picha kwenye kompyuta" nayo haichanganyi. Ndiyo maana katika swali lako mwenyewe, ulipoeleza kwa maneno ya kawaida, uliandika "kutoa picha kwenye simu na kuziweka kwenye kompyuta", na hakuna ambaye angekuelewa vibaya. Mara nyingi neno la kila siku huwa limekwishamaliza kazi kabla hatujalitafutia la kitaalamu.

Kuna kosa jingine ambalo huna, lakini limeenea: "tuma faili kwa kompyuta", "toa picha kutoka kwa simu". Katika Kiswahili sanifu, "kwa" hufuatwa na mtu: barua imetoka kwa mama, nimeipeleka kwa fundi. Ikifuatwa na chombo, kwa kawaida hutaja kinachotumika kufanyia kazi: kukata kwa kisu, kuandika kwa kalamu. Kwa hiyo "tuma faili kwa kompyuta" husomeka kuwa utumie kompyuta kutuma faili, yaani kinyume kabisa cha ulichotaka. Andika "kwenye kompyuta", "kutoka kwenye simu".

Sasa kinachobaki. Kuhama ni kuondoka, na kilichohamishwa hakiko kilikokuwa. Huwezi kuhama nyumba na bado ukawa unalala humo. Kunakili ni kutengeneza nakala, na asili inabaki palepale. Katika Kiarabu, ambako "nakili" imetoka, mzizi wake una maana zote mbili, kuhamisha na kunakili. Kiswahili kilichukua ya pili peke yake, na kwa bahati nzuri kikapata maneno mawili yasiyogongana.

Kompyuta nayo inatofautisha. Ukichagua picha ukabonyeza Ctrl na C, kisha Ctrl na V kwenye kabrasha (folda) jingine, umenakili. Ukianza na Ctrl na X, umehamisha, na ndivyo inavyoelekea alivyofanya mwenzako wa kwanza. Programu za Kiswahili huiita amri hii ya pili "Kata", neno linalotisha bure, kwa maana hakuna kinachokatwa mpaka ubandike. Kwenye Windows, ukiburuta picha kwa kipanya kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, kwa kawaida zinanakiliwa, kwa sababu ni hifadhi mbili tofauti. Ukiburuta kutoka kabrasha moja kwenda jingine ndani ya diski ileile, zinahama. Mkono unafanya tendo moja na matokeo ni mawili. Kwa hiyo "buruta" peke yake haitoshi katika mwongozo. Sema pia matokeo yake.

Kwa kazi ya picha za simu, neno la kumpa msomaji ni "nakili", na "futa" lije baadaye kama hatua yake yenyewe. Sababu ni ya kiufundi. Simu nyingi za Android zikiunganishwa kwa waya hazijifanyi flashi. Simu inabaki na usimamizi wa hifadhi yake, na kompyuta huomba faili mojamoja. Waya ukilegea katikati wakati wa kunakili, faili iliyokuwa njiani itafika nusu, lakini asili zote ziko salama. Unafuta nusu hiyo na kurudia. Waya ukilegea wakati wa kuhamisha, baadhi ya picha zimekwishaondoka kwenye simu, nyingine bado, na hujui zipi ni zipi. Anayeandika "hamisha" anamtuma msomaji kwenye njia ya hatari bila kujua.

Jambo la kuchekesha ni kwamba simu yenyewe inakupotosha. Ukichomeka waya, simu nyingi huchaji tu, na ili kompyuta ione faili ni lazima ufungue arifa ya USB na kuchagua kuhamisha faili. Ukigusa hapo hakuna kinachohama. Umefungua mlango tu. Mweleze msomaji hivyo kwa sentensi moja, la sivyo atasubiri picha zijihamishe zenyewe.

"Kutuma" ni neno zuri kwa Bluetooth, barua pepe na WhatsApp, ingawa nalo lina kiroja chake. Ukituma mzigo, huna tena mzigo. Ukituma picha, picha bado unayo. Msemaji wa Kiswahili amelizoea hilo na halimsumbui. Kinachosumbua ni kunyambua, yaani kukiongezea kitenzi kiambishi. "Nimekutumia picha" ni sawa, kwa sababu mpokeaji ni mtu. Jaribu na kompyuta: "Nimeitumia kompyuta picha." Masikio yanasikia matumizi ya kompyuta, kwa kuwa "tumia" ya kutuma na "tumia" ya kufanyia kazi zimekuwa neno moja kwa sura. Kwa kifaa, basi, rudi kwenye mahali: "Nimetuma picha kwenye kompyuta." Vijana wamelikwepa tatizo kwa "kurusha": "nirushie hiyo video". Ni neno hai na linaeleweka, lakini katika mwongozo wa kazini ningeliacha kwenye mazungumzo.

Usipendekeze kutuma kama njia ya kazi kubwa, hata kama neno linafaa. Bluetooth ya kawaida haizidi megabiti 3 kwa sekunde, na kwa vitendo huwa karibu na 2. Gigabaiti moja ni megabiti 8,000, kwa hiyo video ya ukubwa huo itachukua zaidi ya saa nzima. Waya wa USB 2.0 una kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde. Hata ukipata sehemu ndogo tu ya hiyo, kazi ileile ni ya dakika chache. Na hapa angalia tahajia: megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti nane, na anayechanganya irabu hizo anakosea hesabu mara nane. WhatsApp nayo hubana picha inayotumwa kama picha. Ikitumwa kama hati, hufika kama ilivyo.

"Kupakua" uliloshauriwa lina historia nzuri, na ndiyo inayoonyesha kwa nini halifai hapa. Kupakia ni kutia shehena chomboni. Kupakua ni kuiondoa. Kiishio -ua kinafungua kilichofanywa, kama funga na fungua, ziba na zibua. Ndiyo maana chakula nacho hupakuliwa kutoka chunguni. Watu wa intaneti walipohitaji maneno, seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi vitu, ikawa ndiyo chombo: unachokiweka huko unakipakia, unachokichukua unakipakua. Wengine husema kupandisha na kushusha, kwa picha ileile ya kitu kilicho juu. Lakini kati ya simu na kompyuta zilizounganishwa kwa waya, chombo ni kipi? Aliyeshika simu atasema anapakia, aliyekaa kwenye kompyuta atasema anapakua, na wote wawili watakuwa na haki. Neno linalotegemea umekaa upande gani si neno la mwongozo. Juu ya hayo, "Inapakia" imekwisha kuwa ujumbe wa kusubiri kwenye skrini, ukurasa unapofunguka polepole.

Litumie pale njia inapopita kwenye hifadhi ya mtandaoni kweli, kama Google Drive. Hapo hatua ni mbili na maneno ni mawili: "Ukiwa kwenye simu, pakia faili. Ukiwa kwenye kompyuta, ipakue." Taja msomaji yuko wapi kabla ya kitenzi, na utata wote unaisha.

Kuhusu "kuhawilisha": ni Kiswahili, na ni ndugu wa "hawala", lakini usanifu si uzito wa neno. Limezoeleka katika nyaraka za fedha, umiliki na teknolojia. Kama hawala, linadokeza kwamba kilichotoka kimetoka, kwa hiyo halikuponyi tatizo la mwenzako wa kwanza. Linalivalisha joho tu.

Jihadhari pia na "shiriki", ambalo simu nyingi huliweka kwenye kitufe cha kutuma. Kushiriki ni mtu kuwa sehemu ya jambo: nimeshiriki mkutano. "Shiriki picha" imezoeleka kwenye vitufe, ila kwa sarufi picha hazishirikiwi namna hiyo. Mtu ndiye hushirikishwa. Mwelekeze msomaji kwenye kitufe kwa jina lake, kisha eleza kwa lugha yako: "Gusa Shiriki ili kutuma picha."

"Oanisha", la kuunganisha vifaa viwili kwa Bluetooth kabla ya kutuma, ni neno zuri mno. Liache kama lilivyo.

Mwongozo wako, basi, ungeweza kusomeka hivi:

1. Chomeka waya kwenye simu na kwenye kompyuta, kisha fungua kufuli la skrini ya simu.
2. Kwenye simu, vuta arifa chini, gusa arifa ya USB na uchague kuhamisha faili. Hatua hii huiruhusu kompyuta kuona faili. Bado hakuna kilichonakiliwa.
3. Kwenye kompyuta, fungua simu kwa jina lake, ingia kwenye hifadhi yake, kisha kabrasha la DCIM, kisha Camera.
4. Chagua picha unazotaka na uzinakili kwa Ctrl na C. Fungua kabrasha uliloandaa kwenye kompyuta na uzibandike kwa Ctrl na V.
5. Zikimalizika, linganisha idadi na ukubwa wa pande zote mbili, na ufungue picha chache upande wa kompyuta.
6. Kama unahitaji nafasi, futa sasa picha hizo kwenye simu. Kisha chomoa waya.

Ongeza maelezo mawili chini. Simu ikichaji lakini arifa ya USB haionekani, mshukiwa wa kwanza ni waya: kuna nyaya zenye njia za umeme tu, zisizo na njia za data, na kwa macho hazina tofauti na nyingine. Badilisha waya kabla ya kuigusa mipangilio. Mwenye iPhone ataulizwa na simu kama anaiamini kompyuta. Asipokubali, kompyuta haitaonyesha picha zake.

Umeona nimeandika "chomeka" na "chomoa". Ni jozi ya aina ileile ya pakia na pakua, ila kiishio kimegeuka -oa kwa kufuata irabu o ya mzizi. "Chomoa" ni bora kuliko "toa waya", kwa sababu ulipoeleza mwongozo wako "toa" ulilitumia kwa picha, na si vizuri neno moja lifanye kazi mbili katika ukurasa mmoja. "Futa" nalo usilibadilishe na "ondoa". Kitu kilichoondolewa kinaweza kuwa kimewekwa pembeni, kilichofutwa kimekwenda.

Jambo la mwisho ni upatanisho. Utasikia "faili hii, faili hizi", na utasikia pia "faili hili, mafaili haya". Chagua njia moja na uishike ukurasa mzima. Mimi hapa nimetumia ya kwanza, kwa sababu "picha" nayo iko kwenye ngeli hiyo, na sentensi kama "picha na faili zimenakiliwa" inapita bila kukwaruza. Ukichagua "mafaili", utajikuta na "picha na mafaili vimenakiliwa", ambayo ni sahihi, maana nomino za ngeli tofauti zikikutana vi- husuluhisha, lakini msomaji wa haraka atarudi nyuma kuisoma tena.