Umeshatubu kwa Mungu, kwa mkeo lini?

*Shikamoo Mama. Nina miaka 47, niko Tanga, nina mke na watoto wanne. Nilioa mwaka 2004 nikiwa utingo. Mungu akanijalia, nikanunua Fuso mbili, nikawa nabeba machungwa ya Muheza kupeleka Dar na mara nyingine kuvuka Horohoro. Kama binadamu nilipotea kidogo, kulikuwa na mwanamke pale Segera. Mwaka 2022 mitihani ikatufika. Gari moja likaanguka, la pili likachukuliwa na wenye mkopo, vitu vikauzwa pamoja na dhahabu na kiwanja cha Pongwe. Presha ikanipata, nikalazwa. Pale kitandani nikamlilia Mungu, nikatubu toba ya kweli. Yule mwanamke tumeachana, maana hali yenyewe haikuruhusu tena. Tangu hapo sikosi swala tano msikitini, nashinda darsani, usiku naamka tahajudi.*

*Tatizo ni mke wangu. Mtihani ulionisogeza mimi kwa Mungu, yeye umemweka mbali. Nikimwamsha tahajudi anasema amechoka. Analala chumba cha watoto. Nikimsomea aya za subira ananyamaza au anatoka nje. Nimemweleza shehe wa mtaa na mama yangu, wote wamesikitika. Yeye ana kibiashara chake cha vitumbua. Mimi kazi bado. Kuna mtu alinitaka nimwendeshee gari, lakini mtu aliyewahi kumiliki magari hawezi kurudi kuwa dereva wa mtu. Nifanye nini ili naye arudi kwa Mungu?*

*Mja Aliyerejea, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa presha na pole kwa magari. Mtu aliyelala wodini akasikia kitanda cha jirani kimenyamaza usiku hatoki vilevile alivyoingia, na sina shaka kwamba ulilia kweli. Pole zangu zinaishia hapo.

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi hadi nikastaafu, na maradhi ya kazi hayajanitoka. Nasoma barua ya mtu huku nawinda viambishi. Yako niliisoma na kalamu nyekundu mkononi. Penye heri umeandika "ni": nilioa, nikanunua, nikatubu. Penye balaa ukatafuta wenzio: mitihani ika-tu-fika. Na penye aibu hakuna mtu kabisa: vitu vikauzwa, pamoja na dhahabu na kiwanja. Vikauzwa na nani? Jini wa Pongwe?

Hebu nikusaidie kuimaliza sentensi yako. Mwanamume wa Kiislamu havai dhahabu, dini imemkataza, na Fuso haivai bangili. Kwa hiyo dhahabu ile ilitoka mikononi na shingoni mwa mkeo. Huenda ilikuwa mahari yake, ile uliyomkabidhi mbele ya mashahidi mwaka 2004 ukiwa utingo asiye na kitu, naye akakukubali. Na kiwanja cha Pongwe, wewe ambaye kila chenye heri ni "nikanunua", mbona hiki hukusema ulikinunua? Nanusa hapo pesa ya kikoba, iliyokusanywa jumatatu kwa jumatatu, kitumbua kwa kitumbua. Kama nimekosea, niandikie unisahihishe. Sidhani kama utaniandikia.

Unajua Qurani inasema nini juu ya mahari? Sura ya Nisaa, aya ya 4: wapeni wanawake mahari yao, na wakiwatunukia kitu kwa radhi ya nafsi zao, basi kuleni kwa raha. Kwa radhi ya nafsi zao. Je, mkeo alikuvulia zile bangili kwa radhi, au uliona ziko kabatini ukajisemea kwamba ni dharura, utamnunulia nyingine? Wala si dini peke yake. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haikusema popote kwamba mali ya mke inageuka ya mume kwa sababu tu shehe amesoma hotuba na watu wamekula pilau.

Tuje kwenye toba. Umeiita toba ya kweli. Hilo ni neno la Mwenyezi Mungu mwenyewe, tawbatan nasuha, Sura Tahrim aya ya 8, kwa hiyo si la kulivaa kama kanzu ya Ijumaa. Darsani unakoshinda bila shaka umeshafundishwa masharti yake, maana Imamu Nawawi ameyapanga wazi tangu karne ya 13: uache dhambi, ujute, uazimie usiirudie. Hayo ni matatu, na ni baina yako na Mola wako. Lakini kama dhambi imegusa haki ya mja mwenzio, lipo la nne: umrudishie haki yake, au umwombe akusamehe. Nashangaa ulisinzia hasa kwenye hilo la nne.

Hata hilo la kwanza nina shaka nalo. Umeandika kwamba yule wa Segera mmeachana "maana hali yenyewe haikuruhusu tena". Mwanangu, hiyo ni kuishiwa. Mlevi aliyefungiwa kilabu hajaacha pombe. Nikuulize swali moja, na ujibu ukiwa peke yako, usinijibu mimi: kesho ukipewa Fuso mbili mpya zimejaa machungwa, pale njia panda ya Segera utapita moja kwa moja?

Sisi watu wa pwani tunalijua hili. Qurani imelitaja katika Sura Ankabut: watu wakipanda chombo na bahari ikachafuka, humwomba Mungu kwa moyo safi kabisa, akiwafikisha nchi kavu, wanarudi kulekule. Shida humsogeza mtu kwa Mungu, ni kweli, nimeiona kwa macho yangu na nimeionja, nilipozika mume. Ila inakusogeza tu mpaka mlangoni. Kuingia unaingia mwenyewe.

Wasomaji wangu wa kanisani msinicheke, nanyi mnaye Zakayo. Yule mkuu wa watoza ushuru aliposhuka kwenye mkuyu hakuanza na mkesha wala kufunga siku 40. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Mara nne! Ndipo akaambiwa wokovu umefika nyumbani mwake. Kumbe wokovu hupokelewa pamoja na risiti.

Na hapa niachieni nitoke kidogo nje ya barua, maana huyu si wa kwanza. Siku hizi kila jambo ni "mtihani". Mtu amekopa mkopo wa kausha damu akanunulie simu ya mchepuko, wadai wakibeba televisheni ya watoto, mtihani. Mtu amebeti ada ya shule, mtihani. Mtihani ni yatima kufiwa, ni mkulima kunyimwa mvua, ni mtoto kuzaliwa na maradhi. Ulichojipikia mwenyewe, ukakitia chumvi mwenyewe, kikaungua, usimsingizie Mungu kwamba ndiye mpishi. Na akina mama msikae mkipiga vigelegele, ninyi pia mna yenu. Wapo wanaokesha kwenye maombi Ijumaa hadi Jumapili, mtoto ana homa nyumbani na bibi yake hajui dawa iko wapi, kisha mnatoa ushuhuda kwamba shetani anaishambulia ndoa. Ndoa za zamani hazikuwa za malaika, tusidanganyane, lakini mtu aliyemkosea mwenzie alijua anadaiwa. Sasa tumepata njia ya mkato: unamkosea mkeo, unaenda kuomba radhi mbinguni, halafu unarudi na hati ya msamaha na kumtaka atie sahihi.

Turudi Tanga. Unasema mkeo yuko mbali na Mungu. Ushahidi wako ni kwamba anasema amechoka. Mimi nimekaanga vitumbua, baba. Mchele unarowekwa mchana, unasagwa jioni, unaachwa uumuke, na saa 10 alfajiri mkaa uwe umeshashika ili wa kwanza watoke wakati watu wanatoka msikitini. Wewe unapomwamsha saa 8 usiku kwa tahajudi, unamkata usingizi mwanamke mwenye saa mbili tu zilizobaki. Tahajudi ni sunna. Kumlisha mke na watoto ni wajibu wako, na wajibu huo kwa sasa anaubeba yeye bila kuandikia gazeti. Nani hapo yuko karibu na Mungu? Mimi siwezi kupima, ila kama ningetakiwa kukisia, nisingekisia upande wako.

Wala hakuna pahali umeandika kwamba haswali. Umeandika tu kwamba haswali nawe.

Kuhama chumba umelitaja kama ukaidi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wewe ulipona presha ukatoka hospitali ukiwa mtu mpya, na ukategemea kila mtu nyumbani awe mpya siku hiyohiyo. Yeye alibaki palepale, na majirani wanaojua habari za Segera, na shingo tupu kwenye harusi za watu. Kisha yule aliyezichukua bangili anakaa mkekani anamsomea aya za subira! Kama asingetoka nje ningemshangaa.

Lililoniuma zaidi ni hili la shehe na mama yako. Umewaeleza, wakasikitika. Uliwaeleza kwa "ni" au kwa "vikauzwa"? Mama mkwe sasa anamwona mkwewe ni mwanamke asiye na dini. Jina lake nalo umeliuza, pamoja na kiwanja. Wewe unadhani ulifilisika mwaka 2022. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba wake, mnamjua aliyefilisika? Wakasema ni asiye na dirhamu wala bidhaa. Akasema hapana, ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, na funga, na zaka, hali amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya huyu. Basi mema yake yatagawiwa kwao, na yakiisha kabla hajamaliza deni atabebeshwa madhambi yao. Kwa hiyo zile tahajudi zako, mwanangu, kwa sasa unamswalia mkeo. Acha alale.

Nikupe kisa cha nyumbani. Marehemu mjomba wangu alikuwa na shamba la minazi huko Pangani. Alipopata nafasi ya kwenda Hija akafanya kama wafanyavyo wote, akazunguka mji kuomba radhi na kulipa madeni. Akafika kwa bibi mmoja jirani wa shamba, ambaye miaka ya nyuma mjomba aliusogeza mpaka wake kwa minazi minne. Akamtolea pesa. Bibi akakataa. Kesho yake akaongeza. Bibi akakataa. Siku ya tatu bibi akamwambia: pesa weka, nenda kawaambie pale barazani, wale uliowaambia kwamba mimi mwongo. Mjomba alikaa siku mbili hajiwezi. Alitusimulia mwenyewe kwamba safari ya Makka haikumpa tabu kama hatua zile za kwenda barazani. Alikwenda. Akasema mbele ya watu, "Mpaka niliusogeza mimi." Yule bibi ndiye aliyempikia vileja vya safari.

Wewe nawe anza barazani kwako. Nenda kwa mama yako, kaa chini, mwambie: dhahabu ya mke wangu niliiuza mimi, kiwanja chake nilikiuza mimi, na pesa nyingine ilikwenda Segera. Mwambie na shehe, ili akome kumsikitikia asiyestahili. Kisha nunua daftari, andika bangili ngapi, mkufu wa uzito gani, kiwanja cha bei gani. Mpe mkeo alisahihishe. Atakuwa anakumbuka vizuri kuliko wewe. Usimwombe akusamehe siku hiyo. Mpe tu daftari, unyamaze kama yeye anavyonyamaza.

Halafu ukaendeshe gari la watu. Umeniandikia eti mtu aliyewahi kumiliki magari hawezi. Nabii Daudi alikuwa mfalme, na Mtume ametuambia alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Wewe wa Fuso mbili unaona haya? Presha ilikuondolea mengi lakini hiki kiburi ilikiacha, na ndicho kinachowala watoto wako. Kama daktari anakuruhusu kushika usukani, mpigie huyo mtu kabla hajapata mwingine. Mshahara wa kwanza, toa cha chakula, kinachobaki kiandikwe kwenye daftari. Hata kikiwa shilingi 20,000. Dawa ya deni ni kulipa, haijapatikana nyingine, na kuikariri aya ya subira mbele ya anayekudai si mojawapo.

Atarudi chumbani? Sijui, na si shabaha yako kwa sasa. Anaweza kukusamehe na bado asirudi, ana haki hiyo. Na wewe mama watoto, kama mtu amekusomea hapa genge linapokuwa shwari, sina la kukufundisha. Usiharakishwe na mtu yeyote, hata akija na kanzu nyeupe na machozi. Hesabu kwanza.

Mwanangu, kesho ukitoka msikitini alfajiri usikae barazani kunywa kahawa. Pitia nyumbani, muulize mkeo gunia la mkaa liko wapi.