Kwa mnaoanza kusoma siasa za Japani: anzeni na jimbo moja

Kila majibu ya ufadhili wa serikali ya Japani yakitoka, vijana wa Dar na Nairobi hunitumia mapendekezo yao ya utafiti niyasome. Mada huwa kubwa mno. "Demokrasia ya Japani na mafunzo kwa Afrika." "Nafasi ya utamaduni katika siasa za Japani." Kwa mada hizo mtu anaweza kukaa Tokyo miaka mitano, akapata shahada, na akarudi bila kujua kura moja ya Mjapani inapatikanaje. Siku hizi sijibu kwa kusahihisha sentensi. Namwambia mwenye pendekezo akasome kwanza jinsi Gerald Curtis alivyoanza kazi.

Curtis ni Mmarekani, mzaliwa wa Brooklyn mwaka 1940. Alifika Tokyo mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki, kujifunza lugha. Alipofika wakati wa kutafuta data ya tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Columbia, njia rahisi ilikuwa kubaki Tokyo, kuhoji wabunge na kuzunguka maktaba. Yeye alikwenda Beppu, mji wa chemchemi za maji moto katika mkoa wa Oita, kisiwani Kyushu. Huko alikaa nyumbani kwa mwanasiasa aitwaye Sato Bunsei, aliyewahi kuwa mjumbe wa baraza la mkoa. Sato aliugombea ubunge mwaka 1963 akashindwa, na sasa alikuwa anajipanga upya. Curtis akawa anafuatana naye kwenye mikutano ya vijijini na mjini, mpaka uchaguzi wa Januari 1967, Sato aliposhinda. Tasnifu ilikamilika mwaka 1969, kitabu kikatoka mwaka 1971, na tafsiri yake ya Kijapani ikasomwa na Wajapani wenyewe, wanasiasa wakiwemo. Hilo la mwisho si dogo. Tasnifu ngapi za wageni husomwa na watu walioandikwa ndani yake?

Alichokiona kule kinahitaji maelezo kidogo, maana ndiyo sababu ya kuwashauri hivi. Wakati huo majimbo mengi ya Baraza la Wawakilishi yalitoa wabunge watatu hadi watano, na mpiga kura alikuwa na kura moja tu. Jimbo la pili la Oita lilikuwa na viti vitatu. Chama kilichotaka wingi bungeni kililazimika kusimamisha zaidi ya mgombea mmoja katika jimbo lilelile, kwa hiyo mgombea wa LDP (Liberal Democratic Party), chama tawala, alikuwa akigombania kura na mwenzake wa LDP. Jina la chama halimsaidii hapo. Bango la chama halimsaidii. Anahitaji watu wake mwenyewe, na hao ndio waliopangwa katika koenkai, yaani jumuiya ya wafuasi wa mgombea binafsi, yenye wanachama, mikutano ya kina mama, safari za pamoja na mialiko ya mwaka mzima, uchaguzi uwepo usiwepo.

Ongeza sheria ya kampeni. Kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura kumepigwa marufuku Japani tangu mwaka 1925, na bado ni marufuku. Sisi tuliokulia kwenye mikutano ya hadhara na khanga za chama tunashangaa: sasa wanaombaje kura? Wanaomba kabla ya muda wa kampeni kufika, kwa njia zisizoitwa kuomba kura. Vijijini Sato aliwategemea wanasiasa wadogo wa pale pale, watu wenye kauli kwa majirani zao. Mjini Beppu, ambako kauli za namna hiyo zilikuwa zimelegea, ilibidi ajenge mtandao wake kikundi kwa kikundi. Maelezo hayo huwezi kuyapata kwa kuisoma sheria ya uchaguzi chumbani, hata ukiirudia mara kumi.

Msimamizi wako atakuambia, na huenda kwa sauti ya juu, kwamba jimbo moja si Japani. Mjibu kwa upole kwamba hujasema ni Japani. Unatafuta mahali pa kusimama. Curtis alifundisha Columbia tangu mwaka 1968 hadi alipostaafu mwaka 2015, akaongoza taasisi yake ya masomo ya Asia ya Mashariki kwa miaka mingi, na vitabu vyake vilipanuka taratibu: mwaka 1988 akaandika juu ya mfumo mzima wa LDP, na mwaka 1999 juu ya misukosuko ya miaka ya tisini, chama hicho kilipong'olewa madarakani kwa mara ya kwanza tangu kianzishwe mwaka 1955. Mwaka 2004 serikali ya Japani ilimpa nishani ya Jua Linalochomoza. Upana ulikuja baadaye, juu ya msingi wa Oita.

Na msingi huo una faida ya kukupa shaka inayofaa. Mwaka 1994 Japani ilibadili sheria ya uchaguzi: viti 300 vya majimbo ya mbunge mmoja, na 200 vya uwiano, yaani vinavyogawiwa vyama kulingana na kura zao. Wengi walitabiri kwamba koenkai zitakufa na wapiga kura wataanza kuchagua sera. Baadaye watafiti kama Ellis Krauss na Robert Pekkanen wameonyesha kwamba koenkai zilibadilika na kupungua nguvu lakini hazikutoweka. Aliyewahi kukaa ndani ya moja anaelewa kwa nini: mbunge aliyetumia miaka ishirini kuijenga haivunji kwa sababu Bunge limepitisha sheria.

Sisemi njia ya Beppu ndiyo pekee. Chalmers Johnson, Mmarekani mwingine wa kizazi cha kabla yake, alijulikana kwanza kwa kuandika juu ya China, akitumia nyaraka za jeshi la Japani lililoivamia nchi hiyo. Halafu akaigeukia Japani, na mwaka 1982 akatoa kitabu kikubwa juu ya wizara ya biashara na viwanda, akiifuatilia toka mwaka 1925 hadi 1975. Kwake yeye wanasiasa wamekalia kiti tu. Wanaoendesha nchi ni maofisa wa wizara. Someni wote wawili katika mwezi mmoja mtaona jambo la kuvutia. Aliyeingia kupitia wizara aliona wizara, aliyeingia kupitia kwa mgombea aliona wagombea, na wote walikuwa wanatazama LDP ileile na uchumi uleule. Kwa hiyo chagua mlango wako kwa makusudi, usiache ratiba ya ufadhili ikuchagulie.

Sasa lugha. Hapa nitakuwa mkali. Programu za uzamili kwa Kiingereza zipo na zinakubeba vizuri mpaka mwisho, lakini kwa siasa za ndani hazitoshi. Mpiga kura wa Japani haweki alama kwenye picha. Katika chaguzi nyingi anaandika jina la mgombea kwa mkono wake. Ndiyo maana utaona mabango ambayo nusu ya jina imeandikwa kwa hiragana, herufi nyepesi, ili mtu asikosee. Ndiyo maana gari la vipaza sauti linapita likirudia jina tu, jina tu, na kukushukuru, bila sera yoyote. Na wagombea wawili wakiwa na jina moja la ukoo, kura zilizoandikwa jina hilo tu hugawanywa kwa uwiano wa kura zao nyingine, kiasi kwamba matokeo ya diwani yanaweza kuwa na nukta ya desimali. Niliipenda nchi hii kwa sababu ya hizo desimali, kusema kweli. Mambo haya yanamfungukia anayesoma gazeti la mkoa. Magazeti ya kitaifa yatakueleza nani kagombana na nani Nagatacho, mtaa wa Bunge. Gazeti la mkoa ndilo litakalokuambia nani kahudhuria ufunguzi wa daraja.

Usibishe hodi ofisini kwa mwanasiasa bila mtu wa kukutambulisha. Muombe profesa wako, au mwenzako wa semina ambaye mjomba wake ni diwani. Kila semina ina mmoja. Kadi ya jina itoe kwa mikono miwili na yake ipokee vilevile, usiitumbukize mfukoni akiwa anakutazama. Baada ya shughuli kutakuwa na kunywa. Usiyekunywa pombe agiza chai ya oolong, hakuna atakayekuuliza mara mbili, lakini usiondoke mapema, maana saa ya pili ndipo watu wanapoanza kusema. Ugeni wako utakusaidia, kwa sababu mtu atakueleza mambo ambayo mtafiti wa Kijapani angeona haya kuyauliza.

Ugumu unakuja wakati wa kuandika. Ukila kwa mtu, ukipanda gari lake, ukijua mke wake analala saa ngapi wakati wa kampeni, utaandika nini juu ya bahasha? Mkubaliane mapema, tena kwa maandishi, nini ni cha kuchapisha na nini ni cha kukusaidia kuelewa tu. Ukisubiri mpaka sura ya tatu, ama utamuumiza ama utajifunga mdomo.

Kwa wasiopenda kukaa na watu, kuna makaratasi, na yana heshima yake. Mijadala ya Bunge tangu mwaka 1947 inapekuliwa bure mtandaoni. Ripoti za fedha za vikundi vya kisiasa hutolewa kila mwaka, kurasa kwa kurasa za kuchosha. Kamiwaki Hiroshi, profesa wa Chuo Kikuu cha Kobe Gakuin, alizisoma kurasa hizo kufuatia habari ya gazeti la Chama cha Kikomunisti ya mwaka 2022, akalinganisha waliosema wametoa na waliosema wamepokea, akapeleka malalamiko kwa waendesha mashtaka. Mwisho wa mwaka 2023 kashfa ya fedha za makundi ya ndani ya LDP ililipuka, Januari 2024 Waziri Mkuu Kishida akatangaza kulivunja kundi lake, na Oktoba 2024 LDP na mshirika wake wa wakati huo, chama cha Komeito, wakapoteza wingi katika Baraza la Wawakilishi. Makosa mengi yaliyolipua yote haya yalikuwa yamelala kwenye karatasi zilizo wazi kwa yeyote.

Jambo moja la kukwepa. Mkirudi nyumbani redio zitawaita kueleza kwa nini Japani iko vile, na jibu rahisi ni "Wajapani ni watu wa nidhamu". Curtis amekaa na watu hao zaidi ya nusu karne na hakukubali utamaduni uwe jibu la kila kitu. Aliuliza sheria inampa nani faida, na nani anaamua nini kwa hesabu gani. Ukimwambia mtangazaji kwamba kura moja na viti vitatu ndivyo vilivyozaa koenkai, hatafurahi sana, lakini utakuwa umemwambia kitu.

Uchaguzi wa pamoja wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka minne, mwezi wa Aprili. Wa mwisho ulikuwa mwaka 2023, unaofuata ni 2027. Ukiwa tayari upo kule, chagua mji wa ukubwa wa wastani, usiwe Tokyo wala Osaka, ambako bado kuna ubao wa mabango wenye sura thelathini za wagombea udiwani. Tafuta mmoja ambaye hana uhakika wa kushinda, na uanze mwaka mmoja kabla.