Umelipia RTX 5090 na haijafika: usifute oda bado

Mkuu, pole sana. Umeandika kwamba ulilipia RTX 5090, kadi ya michoro ya kompyuta kutoka Nvidia, na kwamba kompyuta yako ina pawa saplai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme) ya wati 750. Wiki saba pesa yote iko dukani, na jibu ni "subiri kidogo" tu; inaumiza. Lakini usifute oda leo. Kadi hii ilitoka 30 Januari 2025 kwa dola 1,999, mzigo ukawa haba tangu siku hiyo, na ukitoka kwenye foleni utaangukia kwa walanguzi.

Waandikie wenye duka, usipige simu. Uliza uko namba ngapi, na mzigo uliopita ulileta kadi ngapi. Mwaka 2020 nilipongoja RTX 3080, kadi nyingine ya Nvidia, duka lilinijibu: namba 41, zimeingia 3. Nilikasirika, ila nilijua nangoja nini. Wakikwepa swali hilo mara mbili, dai pesa yako yote.

Hakikisha risiti ina bei kamili, maana wapo wanaopandisha bei mzigo ukifika.

Halafu hiyo pawa saplai ya wati 750 uliyoitaja haitoshi. 5090 peke yake inakula hadi wati 575, na Nvidia wanashauri pawa saplai ya 1000. Ibadilishe sasa, ukiwa bado unangoja.