Cyprus ya Kaskazini: Kabla Hujamtumia Ajenti Pesa

Juma lililopita niliandikiwa na msichana wa Kilifi. Amepata barua ya chuo kikuu kimoja cha Famagusta, huku Cyprus ya Kaskazini, ina muhuri na maneno “skolashipu asilimia 50”, na ajenti wake amempa muda mfupi atume pesa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Akanirushia na picha aliyotumiwa: bahari ya buluu, miavuli ya majani, mzungu amelala kifudifudi. Akauliza, “Dada, nije nisije? Ajenti anasema huko ni Ulaya.”

Nilianza kumjibu kwa sauti, maneno yakawa mengi kuliko simu. Na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, naandika hapa msome wote.

Kwanza, kisiwa ni kizuri. Nalisema mapema ili asije mtu akaniambia nawakatisha wenzangu tamaa kwa husuda, maana nimeshaambiwa. Nakaa Girne, mji wa pwani ya kaskazini ambao Wagiriki huuita Kyrenia. Kuna bandari ndogo ya kale chini ya ngome, na nyuma ya mji milima ya Beşparmak imesimama wima, ukiamka ndiyo unayoiona kwanza. Jua lipo karibu mwaka mzima, hapo ajenti hakudanganya. Magari hupita kushoto, na soketi ukutani ni zile zile za matundu matatu tulizozizoea, kwa sababu Mwingereza alitawala hapa mpaka 1960. Sokoni utakuta kolokas, nayo ni majimbi yetu yale yale, wao huyapika na nyanya na nyama. Molehiya ni mlenda. Mara ya kwanza kuula, kwa mama mmoja jirani yangu, nilimaliza sahani bila kuinua kichwa, akaniongeza bila kuniuliza.

Kilichonishangaza ni bahari. Haijai wala haipwi. Nilishuka ufukweni asubuhi nikaweka alama kwenye mwamba kwa macho, nikarudi jioni, maji yako pale pale na mwamba umelowa mpaka mstari ule ule. Hakuna bamvua, hakuna maji mafu. Kwetu Mtongwe mtoto wa miaka mitano anajua saa ya maji kutoka. Nikakaa pale nikacheka peke yangu: mimi, mzaliwa wa Mombasa, mtu aliwezaje kuniuzia bahari?

Lakini ndivyo biashara hii inavyokwenda. Ajenti anakuuzia jua na maji ya buluu, vitu ambavyo Kilifi unavyo bure, ili usiulize habari ya karatasi. Na kisiwa hiki, mdogo wangu, kila kitu chake ni karatasi.

Sikiliza kisa chake. Julai 1974 wanajeshi waliosukumwa na utawala wa kijeshi wa Athens walimpindua rais wa Cyprus, lengo likiwa kukiunganisha kisiwa na Ugiriki. Julai hiyo hiyo Uturuki ikateremsha majeshi yake. Wagiriki wa kaskazini wakakimbilia kusini, Waturuki wa kusini wakahamia kaskazini, na katikati ukapita mstari unaolindwa na Umoja wa Mataifa hadi leo. Tarehe 15 Novemba 1983 upande wa kaskazini ukajitangaza kuwa nchi, na mpaka ninapoandika haya ni Uturuki peke yake inayoitambua. Cyprus iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, ila sheria za Umoja huo zimesimamishwa upande huu ninaokaa mimi. Kwa hiyo ajenti akikwambia “Cyprus ni Ulaya”, hajasema uongo wala hajasema kweli. Muulize: Cyprus ipi?

Utaligundua uwanja wa ndege. Ndege zinazokuja Ercan, uwanja wa huku, lazima zipitie Uturuki, kwa hiyo utapitia Istanbul au mji mwingine wa Uturuki utake usitake. Pesa ni lira. Ukipoteza pasipoti, ubalozi wa Kenya uko Ankara, ng'ambo ya maji. Na ile ahadi ya maajenti ya “ukifika tu unavuka” kwenda kusini ndiyo inayonichemsha damu. Serikali ya kusini inamhesabu mgeni wetu aliyeingia kwa Ercan kuwa ameingia kisiwani kinyume cha sheria.

Nicosia, mji mkuu uliokatwa katikati na mstari ule, kuna mtaa unaitwa Ledra, mtaa wa maduka, uliofunguliwa mwaka 2008 kuwa kivuko cha waenda kwa miguu. Kibanda cha polisi huku, kibanda cha polisi kule, katikati hatua kidogo tu. Nilikwenda kupaangalia. Familia ya Wajerumani ilipita mbele yangu, watoto wanalamba aiskrimu, baba akaonyesha kitambulisho bila hata kusimama vizuri. Mimi nilikuwa na pasipoti yangu mkobani, haina kazi. Nilisimama pale mpaka askari akaniuliza kama nimepotea. Mwaka 2021 Wakameruni wawili walijaribu kupita njia nyingine, wakanasa katikati ya mistari miwili, wakaishi kwenye hema miezi kadhaa, kusini hawapokelewi, kaskazini wanaogopa kurudi. Papa Fransisko alipozuru kisiwa Desemba ile, walikuwa miongoni mwa watu waliopangiwa kupelekwa Italia. Wewe Papa atakuja lini?

Tuje kwenye hela. Skolashipu ya nusu isikulevye, karibu kila mgeni hupewa, ndiyo bei yenyewe. Karo unatajiwa kwa yuro. Kodi ya nyumba unatajiwa kwa pauni za Uingereza, na wenye nyumba wengi wanataka miezi kadhaa mbele pamoja na amana. Kazi ukipata, utalipwa lira. Mwanzoni mwa 2018 dola moja ilikuwa chini ya lira 4. Katikati ya 2025 ilikuwa karibu 40. Piga hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu, si kwa matumaini. Unachodaiwa kinapanda kila mwezi, unacholipwa kinayeyuka mkononi. Na ukishindwa karo, chuo kinafunga usajili wako. Bila usajili hupati ikamet, yaani kibali cha kukaa. Bila ikamet faini inahesabiwa kwa siku. Nimewaona vijana wa Nairobi, wa Kampala, wa Lubumbashi, watoto wa watu wenye akili zao, wanajificha ndani mchana kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutandika vitanda kwenye hoteli moja yenye kasino. Mamangu alitandika vitanda vya watalii Nyali utoto wangu wote ili mimi nisome nisije nikavitandika, nami nikaenda kuvitandika ng'ambo. Wageni wale huja kucheza kamari, wanalala alfajiri, kwa hiyo chumba unaingia saa nane mchana, kina moshi, treya la majivu limefurika, na mapazia yamefungwa. Bahari iko hapo nje ya kioo. Hakuna anayeitazama. Meneja mmoja alinizungusha mshahara wa mwezi mzima, leo kesho, leo kesho, mpaka nikaacha kudai. Sijasamehe. Watu wa kanisani huniambia nisamehe, nawaambia nikishalipwa.

Na baridi! Hili mtu wa pwani haambiwi. Nyumba hizi zimejengwa kwa ajili ya kiangazi: sakafu ya vigae, dari juu, hakuna mitambo ya kupasha joto. Maji ya moto yanatoka kwenye pipa la juani lililoko juu ya paa, kukiwa na mawingu unaoga baridi. Januari nililala na soksi, na koti, na leso mbili za mama. Leso nyingine nilizihifadhi kabatini zisichakae, nikaja kufungua mwezi wa tatu nikakuta vidoa vyeusi vya ukungu vimekula upindo mzima, hata maandishi hayasomeki. Nilizifua kwa siki, kwa limau, kwa jiki. Hazikutoka.

Sasa mtasema, mbona picha zako zote ni za ufukweni? Kwa sababu naupenda ufukwe. Mapumziko ni siku moja kwa juma. Nikioga nikapendeza, nikapige picha wapi, kwenye ndoo ya kudekia? Nitaendelea kuzipiga. Ila ukiziona, kumbuka siku sita nyingine hazina mpiga picha.

Miaka ya katikati naiacha, ni masomo na mabasi. Nilimaliza. Shahada ninayo, ya usimamizi wa hoteli, na Kituruki nakiongea mpaka wateja kwenye simu huniuliza natoka mji gani wa Uturuki. Leo niko mapokezi, nakaa kwenye kiti, najibu barua za wageni kwa lugha tatu. Nyumba ya mama ina bati jipya. Waliosema nitarudi na sanduku tupu wapo, na najua wananisoma. Hamjambo?

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kilifi, na wengine wote: ulizeni karatasi. Andikia chuo mwenyewe, kwa anwani iliyoko kwenye tovuti ya chuo, si aliyokupa ajenti. Karo ipeleke kwenye akaunti ya chuo, si ya ajenti, si ya shemeji yake ajenti. Kabla ya yote, nenda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapo Nairobi, au TCU, tume ya vyuo vikuu ya huko, kwa ndugu zangu wa Tanzania, uulize kama shahada ya chuo hicho wataitambua, na upewe jibu kwa maandishi. Kisha uliza karatasi tena: kibali cha kukaa ni cha muda gani, cha kazi anaomba nani, kinalipiwa na nani. Usije na pesa ya muhula mmoja ukitegemea kazi ya kulipia wa pili. Narudia, usije. Kazi zipo na nimezifanya, lakini kazi ya lira hailipi karo ya yuro, labda Mungu ashuke mwenyewe.

Na tuache tabia ya kupenda anayetupamba. Mtu akituambia ukweli tunamwita mchawi, akituambia tutavuka tunamwita ndugu, tunauza na kiwanja cha bibi tumpe. Msomeshwe mpaka lini, jamani? Kama nia yako ni Ulaya ya kazi, sema hivyo, tafuta njia yenye jina hilo. Malta ni kisiwa, kina jua hilo hilo, na kina utaratibu wa kibali cha kazi unaojulikana. Kusini mwa kisiwa hiki hiki kuna wageni wanaofanya kazi za nyumbani kwa mikataba. Sisemi kote huko ni asali, nasema utajua umekwenda kufanya nini.

Wenye pesa zenu mnaoniulizia bei za nyumba za ufukweni, na nyinyi mna karatasi ya kuuliza. Ardhi nyingi huku ni ya Wagiriki waliokimbia. Mwaka 1996 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Titina Loizidou, mwenyeji wa Kyrenia, bado ndiye mmiliki halali wa viwanja vyake hapa. Muulizeni muuzaji hati ni ya kabla ya 1974 au ya baada. Mtazame na uso wake anapojibu.

Halafu kuna jambo langu binafsi. Ajenti aliyenileta alichukua kamisheni kwa mamangu, na baadaye nikajua alichukua kwa chuo vilevile. Nilipokwama hakupokea simu yangu hata mara moja. Nilipobandika picha ya mahafali aliipakua, na sasa iko kwenye tangazo lake, chini imeandikwa “mwanafunzi wetu akiwa Ulaya”. Nimemwandikia aitoe, amenizuia. Mkiliona tangazo hilo, yule mwenye joho jeusi aliyecheka mpaka gego linaonekana ni mimi, na sikumpa ruhusa.