Mbuyu hauniandikii

Mhariri, swali lenu la wiki hii lina sehemu mbili: je, kuishi karibu na asili humfanya mtunzi awe huru zaidi? Na ana deni gani kwa watu anaowaandika? Mimi hutunga riwaya, naishi Dodoma, na kwa sehemu ya kwanza jibu langu ni hapana.

Najua wenzangu wengi watajibu kinyume. Watawaandikia ukimya wa nyika na jua linavyozama nyuma ya mibuyu. Jua linazama vizuri sana huku, sikatai. Ila mvua zetu huanza Desemba, ikifika Aprili zimekwisha, na sehemu kubwa ya mwaka watu wanaishi kwa kupima kilichobaki ghalani. Muulize mkulima wa uwele kama nyika inampa uhuru, atakutazama mpaka uone aibu. Hata Shaaban Robert aliishi upande huu, Mpwapwa, kuanzia 1944 hadi 1946. Hakufuata utulivu wa kutungia mashairi. Alikuwa karani wa serikali katika idara ya mifugo, na karani huenda anakopangiwa.

Kinachomfunga mtunzi ni haja aliyokuja nayo. Akiitazama ardhi huku ameshaamua impe nini, haioni tena. Ushahidi wangu ni Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma, ambako Waingereza walijaribu mpango mkubwa wa kulima karanga. Mwaka 1946 timu ndogo ikiongozwa na John Wakefield, ambaye alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, yaani si mgeni kabisa, ilizunguka nchi kwa wiki tisa, sehemu ya safari kwa ndege, ikaripoti kwamba karanga zingestawi. Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na uhaba huo ndio uliotazama kwa niaba yao. Waliona pori linalongoja trekta. Wagogo walijua mvua ya pale inavyodanganya watu. Kiangazi udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji, karanga zikanasa humo humo, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango wenyewe, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36. Nimesoma riwaya kadhaa zilizolimwa kwa mtindo huo: funzo limekuja kwanza, watu wakatafutwa baadaye.

Halafu historia ikafanya jambo ambalo mtunzi angeona haya kulibuni. Katika miaka ya 1960 Kongwa hiyo hiyo ikapokea kambi za wapigania uhuru: FRELIMO, SWAPO, ANC. Pale uhuru maana yake ilikuwa gwaride, foleni ya chakula na kusubiri. Msumbiji walisubiri mpaka 1975, Namibia mpaka 1990, Afrika Kusini mpaka 1994. Anayeniambia uhuru ni kukaa chini ya mti na daftari, namwomba apitie Kongwa kwanza.

Lakini inayoninyima usingizi ni Kondoa. Mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kutisha kwenye vilima vile. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha Hifadhi ya Ardhi Dodoma, HADO kwa kifupi, na mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika. Majani yakarudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Ukipita njia ya Kolo kwenda kuona michoro ya miambani utasema ardhi imepona, na kweli imepona. Ilipona kwa amri. Gharama yake aliibeba mwenye ng'ombe, ambaye mahari, maziwa, samadi na heshima yake vyote vilikuwa vikitembea kwa miguu minne. Kuna waliopeleka mifugo kwa ndugu wa mbali, kuna waliouza, na kuna walioendelea kuchunga kwa kujificha.

Sasa niambieni, asili hapo imemweka nani huru? Ripoti sharti itoe uamuzi. Mwanasiasa naye sharti aamue, na haraka. Riwaya inaweza kukaa na bwana shamba aliyepima korongo na pia na mzee aliyeswaga ng'ombe wake kuwatoa, wote wawili wakiwa na haki, kwa kurasa mia tatu bila kumfukuza yeyote. Uhuru ninaoutafuta ni huo, wa kutolazimishwa kuchagua mmoja kabla sijawasikia wote. Nimeutafuta mezani, si porini. Mbuyu una mambo yake.

Deni nalijibu kwa kifupi: usahihi. Nikimwandika mzee wa Haubi, huko Kondoa, wa mwaka ule wa 1979, lazima nijue alipita njia gani, aliwanywesha wapi ng'ombe wake, na ndama asiyeweza safari alibaki na nani. Kumsifu au kumlaumu ni mambo ya baadaye, na wajukuu zake wanasoma, watanijibu wenyewe. Lakini nikikosea alipowanywesha, hakuna atakayeniamini nikisema alilia.

Kuhusu kipato, ambacho hamkuuliza ila wasomaji wenu hawachoki kukiuliza: riwaya hailipi, zabibu hulipa kidogo mwaka wenye bei, na mimi ninalima zote mbili.