Maswali ya Wasomaji: Kigawa mwanga hakigawi sawa

SWALI: Ninabuni chipu ya silikoni yenye tabaka la nanomita 220, njia za mwanga zina upana wa nanomita 500, na ninatumia mwanga wa nanomita 1550. Kigawa changu cha umbo la Y, kinachogawa mwanga wa njia moja uingie njia mbili, kilitoa 50 kwa 50 kwenye kompyuta, upotevu 0.1 dB (desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea). Chipu ilipotoka kiwandani nikapima 56 kwa 44, upotevu karibu 1 dB. Nifanyeje, bila kuzidi urefu wa mikromita 10?

JIBU: Una hitilafu mbili, na kila moja ina chanzo chake.

Upotevu unatokana na ncha ya Y, pale matawi yanapoachana. Umeichora kali, lakini litografia, yaani uchapaji wa maumbo kwenye chipu, haiwezi kuchonga ufa unaoanzia sifuri. Ufa huzibika, ncha hutoka butu, na mwanga unaoigonga hutawanyika au kurudi ulikotoka. Kwa hiyo ikubali ncha butu tangu mwanzo: acha nafasi ya nanomita 200 kati ya matawi, kisha kompyuta itafute upana wa sehemu inayotangulia. Mwaka 2013 watafiti walifanya hivyo kwa kupanga vipimo 13 vya upana ndani ya mikromita 2 tu, wakapata upotevu wa 0.28 dB.

Kama huna muda wa hesabu hizo, tumia kisanduku kipana ambamo mwanga hujipanga wenyewe kuwa taswira mbili. Urefu wake ni n × W² ÷ 2λ. Hapa n ni kiasi ambacho tabaka hilo hupunguza kasi ya mwanga, takriban 2.85, λ ni urefu wa wimbi la mwanga, yaani mikromita 1.55, na W ni upana wa kisanduku pamoja na mikromita 0.2 hivi, kwa sababu mwanga huchungulia nje ya kuta. Kisanduku chenye upana wa mikromita 2.5 kina W ya 2.7, hivyo urefu ni kama mikromita 6.7. Weka njia za kutokea kwenye mikromita 0.675 kila upande wa mstari wa kati, na midomo yake iwe na upana wa mikromita 1. Itabaki nafasi ya mikromita 0.35 kati yake, ambayo viwanda vingi huimudu. Midomo hiyo ikisinyaa taratibu hadi nanomita 500, utazidi mikromita 10. Kama kikomo chako hakivukiki, baki na Y yenye ncha butu.

Sasa 56 kwa 44. Huenda kwenye kompyuta uliiga nusu ya umbo ili kuokoa muda. Kioo cha ulinganifu hulazimisha 50 kwa 50, hata kitu kikiwa kibovu! Iga umbo zima, pamoja na njia inayoliingia. Kisha tazama kinachotangulia kigawa: kona ikiishia mlangoni, huamsha modi ya pili, yaani mpangilio mwingine wa mwanga ndani ya njia, nayo huusukuma mwanga upande mmoja. Weka kipande kilichonyooka, na ndani yake bana njia hadi nanomita 400 ili modi hiyo ivuje.

Usipime kigawa kimoja. Panga vigawa 2, 4, 6 na 8 mfululizo, chora dB dhidi ya idadi, kisha utoe 3.01 kwenye mteremko, yaani dB ambazo kugawa nusu kwa nusu hupunguza kwa kila kigawa. Kigawa kikigawa sawa, kinachobaki ni upotevu wa kigawa chenyewe, bila makosa ya kuunganisha nyuzi za mwanga kwenye chipu.