Ukurutu wa viganja na nyayo: je, chanzo ni bakteria?

SWALI: Viganjani na nyayoni hunitoka vilengelenge vidogo vinavyowasha mno, kisha ngozi hubambuka na kupasuka. Krimu ya steroidi hunituliza, nikiiacha vinarudi. Je, huenda kuna bakteria wasio wa kawaida ambao hawajatafutwa? Niombe antibayotiki?

JIBU: Pole sana. Ngozi ya ukurutu imepasuka, hivyo bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hukaa humo kwa urahisi na mara nyingi huonekana maabara. Huchochea uvimbe, ila kuonekana kwake hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeanzisha. Antibayotiki ina kazi pakiwa na usaha, magamba ya rangi ya asali, joto linalosambaa au homa.

Wapo bakteria wanaoleta dalili zinazofanana na ukurutu, hasa miguuni. Kytococcus sedentarius hustawi kwenye nyayo zenye jasho, akamung'unya tabaka la juu na kuacha vishimo vidogovidogo vyenye harufu kali. Muwasho huwa haba, na steroidi si tiba yake. Hutumika antibayotiki ya kupaka, klindamaisini ya 1%, pamoja na kudhibiti jasho. Wewe unawashwa sana na una vilengelenge, kwa hiyo hatumshuku.

Tunachoshuku kwanza ni fangasi. Fangasi wa nyayoni anaweza kuufanya mwili utoe vilengelenge viganjani ambako yeye hayupo kabisa, na steroidi humficha. Omba ngozi ya nyayo ikwanguliwe ukingoni mwa baka na kupimwa kwa hadubini. Usipake dawa ya fangasi kabla ya hapo, kwani inaweza kuharibu majibu.

Fangasi asipopatikana, omba kipimo cha mzio cha vibandiko. Hubandikwa mgongoni saa 48, husomwa vikitolewa, kisha tena siku ya 4, maana mzio mwingine huchelewa. Kemikali za mpira zimo kwenye glavu na viatu pia, ndiyo maana mikono na miguu huweza kuugua pamoja. Kromiamu, madini yanayotumika kutengeneza ngozi ya viatu, nayo ipimwe.

Ikithibitika ni ukurutu, angalia kiasi cha krimu ya steroidi unachopaka, kwa sababu wengi hupaka kidogo mno. Mstari wa krimu wenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada, takriban gramu 0.5, unatosha mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi vidoleni, pande zote. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, unahitaji mistari miwili. Vilengelenge vikitulia, muulize daktari namna ya kuipunguza krimu hiyo taratibu, na uendelee na mafuta mazito yasiyo na manukato kila unaponawa.